Dhamana ya kufunga mgodi ya mamilioni mawili kwa kazi ya milioni mia: hii hesabu nani anaipitisha?

Wakuu, tuongee bila kupakana mafuta. Andiko la mgodi unaoitwa endelevu lina kurasa kibao za mbale (mwamba wenye madini), mitambo na gawio. Kufunga mgodi kumebanwa kurasa mbili za mwisho, na dhamana yake, yaani fedha inayowekwa kando ili mgodi usafishwe hata mwenyewe akiondoka, ni ya kuchekesha. Kinachoudhi ni kwamba hesabu zenyewe hazijakosewa. Zimepangwa zitoke hivyo.

Shika kikokotoo. Kufunga kutagharimu dola milioni 100 miaka 50 ijayo. Weka kiwango cha punguzo (asilimia inayoshusha fedha ya baadaye kuwa thamani ya leo) cha asilimia 8: thamani ya leo ni milioni 2.1. Panda hadi asilimia 10, inabaki laki nane na nusu. Hakuna jiwe lililosogezwa wala tone lililosafishwa, kimebadilika kitarakimu kimoja tu kwenye jedwali.

Kwenye maji ya mgodi yenye tindikali, yanayotaka kusafishwa milele, ndiyo balaa. Tuseme usafishaji unakula dola milioni 2 kila mwaka. Mfuko unaozaa asilimia 8 baada ya kutoa mfumuko wa bei unahitaji mtaji wa milioni 25. Ukizaa asilimia 3, unahitaji karibu milioni 67. Mnadhani mwenye mgodi anachagua ipi?

Na haya maji hayatoki hewani. Magwangala (mawe taka ya mgodi) yenye pairaiti (madini ya chuma na salfa) yakipata hewa na maji yanatengeneza tindikali, na bakteria wanakoleza moto. Kanuni ya maabara inajulikana: zidisha asilimia ya salfa ya salfaidi (ile iliyoshikana na metali, kama kwenye pairaiti) kwa 31.25, unapata kilo za mawe chokaa zinazohitajika kuzima tindikali ya tani moja ya mwamba. Salfa asilimia 2 ni kilo 62.5. Ukiwa na magwangala tani milioni 10 ya aina hiyo, na mwamba wenyewe hauna chokaa, unadaiwa tani 625,000 za mawe chokaa. Nani ameziweka kwenye bajeti?

Ujanja wa wenye migodi uko kwenye sampuli. Wanachanganya mwamba wa salfa na mwamba wa chokaa kwenye mfuko mmoja, wanapima wastani, majibu yanatoka mazuri. Lakini malori hayamwagi wastani! Yanamwaga kwa awamu, kadiri shimo linavyoshuka, na maji yanapita kwenye mianya yake humo ndani bila kuigusa ile chokaa iliyo upande wa pili wa lundo. Pima kila aina ya mwamba peke yake, uyatenge magwangala mabaya tangu lori la kwanza. Kuyapangua baadaye ni kulipia ubebaji mara mbili.

Kipimo cha muda mrefu, cha kuona kama mwamba utatoa tindikali, nacho wanakikatisha mapema. Unachukua kilo moja ya mwamba uliosagwa, unaupitishia hewa kavu siku tatu, hewa yenye unyevu siku tatu, siku ya saba unausuuza na kupima yale maji. Mzunguko huo unarudiwa wiki 20 kwa uchache, na mwamba mkaidi unahitaji zaidi ya hapo. Sababu ni rahisi: chokaa iliyomo huanza kuliwa, na wakati huo pH (kipimo cha tindikali: ikishuka, tindikali imezidi) inakaa 7 kama maji ya kunywa. Chokaa ikiisha, pH inaporomoka. Ukisimama wiki ya 10 umepima chokaa, hujapima tindikali. Mgodini hali ni hiyohiyo: miaka ya mwanzo mkaguzi anaona maji safi, anaachia sehemu ya dhamana.

Kuna watakaosema natisha watu. Mgodi wa Iron Mountain, California, uchimbaji ulikoma 1963, na maji yaliyopimwa ndani yake yalifika pH ya hasi 3.6. Mgodi wa Summitville, Colorado, kampuni ilifilisika na kuondoka Desemba 1992. Dhamana haikutosha, na usafishaji uliomwangukia mlipakodi umepita dola milioni 150.

Sasa aina za dhamana. Ahadi ya kampuni mama si dhamana, maana mama na mtoto wanafilisika siku moja. Thamani ya chuma chakavu cha mitambo nayo msiihesabu: wadai wengine watafika kabla yenu. Inayofaa ni fedha taslimu kwenye akaunti isiyoguswa na mwenye mgodi, au hati ya benki isiyobatilishwa. Na gharama ikadiriwe kwa bei ya mkandarasi wa nje anayeleta mitambo yake, pamoja na akiba ya dharura. Ile bei ya "tutatumia malori yetu yaliyopo" ni usanii, siku hiyo malori yameshauzwa.

Dhamana hiyo ichangiwe kwa kila tani inayochimbwa, mwanzoni ambapo mbale ni tajiri. Kusubiri miaka mitatu ya mwisho ni kumkamua ng'ombe aliyekauka.

NYONGEZA: Kwa wanaouliza kuhusu mgodi "uliosimama kwa muda". Huo ndio mlango wa nyuma. Ukitangazwa umefungwa, gharama zinaanza. Ukisimama tu, hazianzi, hata muongo ukipita. Baadaye unauzwa kwa bei ya kutupa kwa kampuni ndogo isiyo na kitu. Kibali kiwe na ukomo: miezi kadhaa bila uzalishaji, saa ya kufunga ianze kuhesabu, na mnunuzi aweke dhamana yake kamili kabla ya muuzaji kurudishiwa ya kwake.