Ushauri: unga wa spirulina kwa kuku wa mayai kipindi hiki cha joto, unasaidia kweli?

MamaZai
Wakuu habari za jioni. Nipo Chanika, nina kuku wa mayai 350, wana wiki 38. Tangu Januari joto limenivuruga jamani, ikifika saa saba mchana banda zima wanahema midomo wazi mabawa wameyaachia, na wiki iliyopita wamenifia 11, wote alasiri, nikawapeleka kwa bwana mifugo akawapasua akasema haoni ugonjwa. Mayai yalikuwa trei 9 kwa siku sa hivi 7, na ganda limekuwa jepesi ukishika vibaya linapasukia mkononi. Sasa kuna kijana kaniletea unga wa kijani, spirulina, yaani mwani mdogo wa majini uliokaushwa, anasema nichanganye kilo 1 kwenye kilo 100 za chakula. Kilo anauza elfu 60. Kuku wangu wanakula kama kilo 40 kwa siku, kwa hiyo ni elfu 24 kila siku juu ya hela ya chakula. Mwenye kujua anisaidie kabla sijatoa hela.

BandaLaKilifi
Pole sana mama. Mimi niko Kilifi nafuga broila, joto letu ndo hilo hilo. Niliwapa gramu 5 kwa kilo ya chakula kuanzia wiki ya tatu, na kweli kundi lile walikufa wachache kuliko lile la kabla yake, lakini nilikuwa nimefunga na feni wiki hiyo hiyo, sasa siwezi kuapa ni unga au ni feni.

daktari_wa_mabawa
MamaZai pole. Kuku hana jasho, njia yake kubwa ya kutoa joto ni kuhema. Akihema sana anapoteza kaboni dayoksaidi nyingi, damu inabadilika, na ile baikaboneti ya kutengenezea ganda inapungua, ndo maana mayai yako yanapasuka hata kama chokaa ipo kwenye chakula. Spirulina haipunguzi joto la banda. Inachofanya ni kumsaidia kuku kuhimili, maana joto linaharibu seli za mwili na ule unga una fikosianini na karotini, rangi za asili za mwani huo, zinazopunguza uharibifu huo, halafu protini yake ni kama asilimia 60. Majaribio mengi yametumia gramu 5 mpaka 20 kwa kilo ya chakula na matokeo ni mazuri, na kiini kinakolea rangi, wateja wanapenda. Kwa hiyo kijana hajakudanganya kipimo. Ila nikuulize, maji wanayokunywa yanatoka wapi?

MamaZai
Daktari, kwenye simtanki, lipo nje juu ya stendi.

daktari_wa_mabawa
Jeusi na liko juani? Basi anzia hapo dada yangu. Mchana maji yale ni ya moto na kuku hanywi maji ya moto, wakati kwenye joto hilo anahitaji hata mara mbili ya kawaida. Lifunike kwa makuti, bomba lifukie chini. Pili, toa chakula kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, kwa sababu kusaga chakula nako kunazalisha joto, ukilisha saa sita joto la tumbo linapanda saa nane jua likiwa kali. Jioni wape vizuri pamoja na chokaa ya chengachenga, ganda linatengenezwa usiku. Vitamini C miligramu 200 hivi kwa kilo ya chakula, na elektrolaiti, zile chumvichumvi za kuchanganya, kwenye maji mchana. Hivyo vyote havifiki elfu 24 kwa siku.

Mzee wa Mto wa Mbu
Lakini si hii hii wanayokula heroe, wale ndege wa pinki wa Natron na Manyara? Kwa nini tununue wakati ziwa limejaa?

daktari_wa_mabawa
Mzee wangu shikamoo, ni jamii hiyo hiyo kweli, ila usichote kabisa. Ziwani inaota pamoja na aina nyingine za mwani zenye sumu ya ini. Heroe wenyewe waliwahi kufa kwa wingi kwenye maziwa ya Bogoria na Nakuru kule Kenya na watafiti wakakuta sumu hizo mwilini mwao. Nunua iliyopandwa kwenye matanki ya maji safi, na MamaZai muulize huyo kijana unga wake umelimwa wapi, akishindwa kujibu achana nao.

MamaZai
Mungu awabariki. Siku tano sasa, tenki nimelifunika, chakula natoa saa nne, amekufa mmoja tu na mayai yamefika trei 7 na nusu. Kijana amenionyesha picha za matanki yake, nimeongea naye anipe kilo mbili na nusu. Nimegawa banda kwa wavu, kuku 100 wanakula yenye spirulina wiki tatu, waliobaki hawali, chakula kingine sawa na maji sawa. Mayai nayahesabu kila upande kila jioni na yaliyopasuka naandika pembeni. Nitaweka hapa hesabu yote.

BandaLaKilifi
Mama, na walio upande wa jua ni wapi? Wasije wale 100 wakawa ndo wenye kivuli.

MamaZai
Wako upande wa mlango, jua la jioni linawapiga. Kesho nahamisha wavu ugawe banda kwa urefu, kila upande upate jua.