Wauza sabufa na spika za Bluetooth, hizo wati 12,000 mnazitoa wapi?

Wakuu, salamu baadaye, leo nina hasira.

Boksi la sabufa yangu limeandikwa mbele kwa maandishi ya dhahabu "12,000W PMPO". Geuza mashine yenyewe, pale nyuma karibu na waya wa umeme, kuna kistika ambacho bila tochi ya simu hukisomi: AC 230V, 60W. Yaani inavuta wati 60 ukutani halafu inatoa 12,000? Kama ni kweli, TANESCO waje waichukue leo hii waiunganishe na gridi ya taifa.

Tupige hesabu. Plagi zetu za pini tatu fyuzi yake kubwa ni ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,990. Hapo soketi imefika mwisho. Mashine ya wati 12,000 za kweli ingekata fyuzi kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio, na kama ingewaka saa nzima kwa nguvu zake zote, LUKU ingekula uniti 12. Mimi napiga muziki Jumamosi kutwa nzima na LUKU wala haishtuki.

Hiyo PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda kinajipigia chake: wanachukua mshindo wa sehemu ndogo kabisa ya sekunde, wanajumlisha spika zote, wakiona bado haivutii wanaongeza sifuri. Namba ya kuuliza ni RMS, ile nguvu ambayo amplifaya inaitoa mfululizo bila sauti kupasuka. Muulize muuzaji RMS ni ngapi uone anavyokutazama. Mmoja alinijibu, "Kaka, hii ina Bluetooth, hayo ya RMS ni mambo ya zamani."

Marekani walishaona usanii huu zamani. Tangu 1974 wana kanuni ya jinsi ya kutangaza wati za amplifaya za nyumbani, na mwaka 2024 wameikaza upya. Na sisi si kwamba hatuna sheria. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Sasa pita Kariakoo usome maboksi.

Sabufa ilipoanza kukoroma niliirudisha dukani na risiti mkononi, waranti mwaka mmoja, imegongwa muhuri. Nikaambiwa waranti ni ya umeme, haihusu spika. Wakuu, sabufa ukiondoa spika kinabaki nini? Sanduku la mbao za kubandika.

Nikaipeleka kwa fundi, akaifungua mbele yangu. Ndani kuna transfoma inayoenea kiganjani na IC tatu za TDA2030, yaani zile chipu za kukuza sauti. Ni IC ya heshima, mafundi wanaijua miaka na miaka, lakini moja inatoa wati kama 14 kwenye spika ya omu 4. Tatu ni wati 42, tena zikipewa umeme wa kutosha. Halafu fundi akaweka bisibisi kwenye zile tweta mbili (vispika vya sauti nyembamba) za rangi ya fedha zinazong'aa juu ya boksi. Zikabanduka kirahisi. Nyuma hakuna waya, hakuna sumaku, ni plastiki na gundi. Fundi hata hakushtuka: "Hizo ni pambo tu, bosi."

Pambo! Nimelipia pambo.

Tuje kwenye Bluetooth, maana ndiyo wimbo wa mjini sasa hivi. Nilihakikishiwa kwamba naunganisha na TV bila waya na mambo yanakuwa safi. Mpira ukianza, mchezaji anapiga, mpira umeshafika kwa kipa, ndipo unasikia "pu". Bluetooth ya kawaida inatumia mfumo wa SBC, inabidi sauti ifungashwe, irushwe, ifunguliwe, na ucheleweshaji unaweza kufika robo ya sekunde. Kwenye muziki huoni tofauti, kwenye mpira na tamthilia ni kero. Dawa yake ni waya: zile nyekundu na nyeupe, au HDMI ARC, lile tundu la HDMI linalotoa sauti ya TV, kama TV yako inayo. Muuzaji analijua hilo, ila akikwambia waya atauzaje "isiyo na waya"?

Na hizi mashine za bei zetu hazina namba ya siri. Mimi nakaa nyumba ya kupanga. Juzi usiku sabufa ikajiunga na simu ya jirani, sebule nzima tukasikia ujumbe wake wa sauti wa WhatsApp akidaiwa hela ya mchezo. Siku hizi tukikutana bombani hatutazamani.

Spika za kubeba nazo ni yale yale. Zinaandikwa betri mAh 9,900 kumbe ndani kuna seli moja ya 18650 (hiyo ni saizi ya seli, si ujazo wake), ambayo hata zile za viwanda vya maana zinazunguka mAh 3,500 hivi.

Halafu namna wanavyojaribisha. Flashi ni yao, wimbo ni wao, besi imefunguliwa hadi mwisho, sabufa imesukumwa kwenye kona ya ukuta ambako besi lazima ivimbe. Mimi sasa naenda na taarab yangu kwenye simu. Ala za kanuni na fidla zikilia zimechanganyikana kama vile ziko ndani ya ndoo, naondoka. Naweka na taarifa ya habari: kama msomaji anasikika ana mafua, hapo hakuna spika.

Wa kuja kuniambia "rahisi ghali" apite tu. Nililipa laki mbili na themanini, hiyo si hela ya kuokota.

Kama kuna muuzaji humu, ajibu hoja ya soketi kwa hesabu, asilete matusi. Na mwenye kujua duka ambalo watakubali kuandika wati za RMS kwenye risiti na kukuacha upige wimbo wako mwenyewe, aweke hapa. Niko Temeke, sebule ya kawaida, nataka ya TV na muziki. Taa za disko sizihitaji.