Nyumba ya shamba mliyorithi: ilijengwaje, na mnaitunzaje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada (Pemba): Asalaam aleikum wakuu. Naanza na ya kwetu. Babu mzaa mama aliijenga katikati ya mikarafuu: nguzo na fito za mikoko, kamba za makumbi, ikakandikwa udongo mwekundu na kuezekwa makuti. Pemba iliipita Unguja kwa karafuu baada ya kimbunga cha 1872 kung'oa mikarafuu mingi ya kule, na nyumba yetu imepangwa kwa ajili ya zao hilo. Uwanja wa mbele ni mkubwa kuliko nyumba, maana ndiko kwa kuanikia. Baraza ni ndefu, ili wingu likitanda majamvi yakimbizwe upenuni kabla mvua haijashuka.

Mwaka jana tulibomoa ukuta wa jikoni uliokuwa umeinama. Ndani ya udongo mkavu tukakuta alama za vidole vya waliokandika, vingine vidogo mno. Mama akaja, akaweka vyake juu. Nyumba ikijengwa alikuwa na miaka 7, akipewa kazi ya kuziba chini kwa sababu watu wazima walichoka kuinama. Bonge lile hatukulitupa, lipo dirishani.

Mchangiaji (Pangani): Umenigusa, ndugu yangu. Yetu ni ya mawe na chokaa, ipo shamba la minazi. Vyumba virefu lakini vyembamba, hata mita 3 havifiki, kwani upana ulifuata urefu wa boriti. Tulipofanya kosa ni kukubali fundi apige plasta ya saruji. Ukuta wa chokaa unanyonya unyevu na kuutoa. Saruji ikaufungia ndani. Masika mawili tu, plasta ikavimba ikadondoka na vipande vya ukuta. Tumeibandua yote, tukarudi kwenye chokaa. Iliniuma sana, maana ukuta ule marehemu bibi alikuwa akiupaka chokaa kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani.

Mchangiaji (Marangu): Kihambani kwetu, yaani shamba la ukoo, msonge wa babu (nyumba ya duara) ulikuwa nyasi hadi chini, ng'ombe upande mmoja, sisi upande wa pili. Swali kwa mwanzisha mada: makuti mnabadilisha baada ya muda gani?

Mwanzisha mada: Kwetu miaka minne hivi, shemeji. Ila ya jikoni yanadumu zaidi. Moshi unafukuza wadudu, kwa hiyo mama hataki kabisa kuhamia jiko la gesi.

Mchangiaji (Marangu): Na msonge ulikuwa hivyohivyo! Moto ulipokoma kuwashwa, nyasi zikaliwa.