Kambi inayoruhusu moto wa kuni: Hell's Gate, kando ya Ziwa Naivasha au Ngorongoro?

MamaZuri
Habari zenu wakuu. Mwezi wa nane tunataka kulala kambini siku mbili, mimi, mume wangu na watoto watatu, tukitokea Nairobi. Watoto wana sharti moja tu: moto wa kuni, waote na wachome mahindi. Mwaka jana tulifika mahali kuni zimejaa kwenye buti, msimamizi akasema moto ni marufuku, akatuonyesha jiko la gesi. Kitinda mimba wangu alilia mpaka usingizi ukamchukua. Nimebakiza tatu: ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, kambi za watu binafsi ziwani, au tujikaze tuvuke mpaka hadi Ngorongoro, Tanzania. Mliolala huko, nisaidieni.

Msafiri_Nakuru
Hell's Gate, bila kusita. Sisi tulilala kambi ya Ol Dubai, humo hifadhini, na moto tuliwasha, ila pale pale palipokwisha kuungua, si popote unapopapenda. Kuni usiokote hifadhini hata kijiti kikavu, nunua kabla ya lango. Ukipata kuni za mti wa leleshwa umepata: inashika upesi na moshi wake unanukia kafuri. Jambo moja tafadhali, msizungushie meko yale mawe meusi yanayong'aa kama chupa. Ni kioo cha volkano. Jirani yetu aliyapanga vizuri kabisa, moja likapasuka pah! kipande kikatua kwenye blanketi la mtoto. Malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, pesa taslimu langoni hazipokelewi.

Dada_Wangari
Kwa watoto watatu mimi ningeenda ziwani. Choo kiko karibu, na kambi nzuri zina uzio wa umeme, maana viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Msidhani moto utawazuia, chagueni yenye uzio. Ubaya ni kwamba kila mwenye kambi ana sheria zake. Piga simu uulize: moto ni wa chini au wa kwenye karai? Kuni mnauza au tuje nazo? Unazimwa saa ngapi? Akijibu "tutaona mkifika", tafuta kwingine.

Mpagazi_Moshi
Ngorongoro kwa siku mbili kutoka Nairobi, dada yangu, mtamalizia barabarani na mpakani Namanga. Kambi ya Simba iko ukingoni mwa kreta, juu sana, na mwezi wa nane baridi yake si ya mchezo. Iwekeni kwa likizo ndefu.
Na msiwakasirikie wanaokataza. Kilimanjaro moto wa kuni ni marufuku, na Oktoba 2020 tuliona sababu: mlima uliwaka siku kadhaa, watu wakipiga ndimi za moto kwa matawi mabichi. Mkimaliza, mwageni maji, korogeni majivu kwa kijiti, mwageni tena, kisha sogezeni mgongo wa kiganja. Mkisikia joto, bado haujazimika.

MamaZuri
Asanteni sana, ndugu zangu. Usiku wa kwanza ziwani, wa pili Hell's Gate tukiona watoto wamezoea. Madumu mawili ya maji ya kuzimia nimeshayatenga. Msafiri_Nakuru, hiyo leleshwa ulinunua upande gani, kabla ya kufika lango la Elsa au mjini Naivasha?

Msafiri_Nakuru
Mjini. Chagua iliyokauka, ukigonga vipande viwili vilie.