Mrejesho: Sala za mdomoni tu
Wapendwa, niliuliza nifanyeje, maana ibada ya Jumapili hapa Dodoma naifuata kwenye kitabu cha sala neno kwa neno huku mawazo yako kwenye shamba la zabibu. Asanteni sana. Aliyenielekeza 1 Samweli 1, Mungu akubariki: mwanamke aitwaye Hana anaomba moyoni, midomo inacheza, sauti haisikiki, mpaka kuhani Eli anamdhania amelewa! Kitabu sijakiacha, nakipenda. Ila kwenye ungamo la dhambi sasa nanyamaza kidogo, namtajia Mungu jambo lenyewe, tena kwa Kigogo, lugha niliyolelewa nayo. Juzi nilikitaja kinyongo nilichomwekea wifi yangu, machozi yakanitoka. Zipo siku moyo mkavu kabisa. Hapo nasoma polepole Zaburi 62:8, inayotuambia tumfunulie Mungu mioyo yetu, kisha naendelea na ibada.