Die Nacht ya Strauss: mwalimu anasema naimba sawa muntu mwenye analala

baritoni_katuba
Bandugu, bote bazima? Niko nafunza wimbo moja ya Kijerumani, Die Nacht ya Richard Strauss, sauti na piano tu, ni ya dakika karibu tatu, nitaiimba mu konseri ya korali yetu hapa Lubumbashi. Mbele yake nilikuwa naimba Nacht und Träume ya Schubert, kule usiku ni mutakatifu, inashuka pole pole na ndoto zake, bantu banafurahi kuisikiliza. Basi na hii ya Strauss nikaiimba vile vile, laini, macho nafunga. Mwalimu akanisimamisha ku musitari ya pili: "Unaimba sawa muntu mwenye analala, na mwizi iko mu nyumba." Nilirudi na ile neno mu kichwa mpaka kwetu. Mwizi njo nani? Na woga nitaionyesha aje bila kupandisha sauti?

klavie_kamalondo
Mukubwa, soma maneno utamuona. Usiku inatoka mu pori, inapita kati ya miti kimya kimya, inaangalia huku na huku, na mwenye kuimba anasema "nun gib acht", sasa ukuwe macho. Kisha inaanza kubeba: mataa, maua, rangi, miganda mu shamba. Ku muto inatoa feza. Ku kanisa kubwa yenye paa ya shaba inatoa zahabu. Hapo siye ba Lubumbashi hatuna lazima ya mufasiri, shaba tunaijua, kamata kipande mu mukono saa kumi na moja jua ikiwa inaigonga, inawaka zahabu kabisa, jua ikiisha kuingia unabakia na kitu myeusi tu. Shaba haikuenda fasi yoyote. Njo vile huyu mwizi anaiba.

Piano nayo inaanza na noti moja tu inarudiliwa rudiliwa, kisha zingine zinaingia chini yake. Zile ni hatua za miguu. Mi nikisindikiza kidole haiachane na kibao, ju ukikiinua juu kitagonga. Na musikimbie, mukikimbia haitakuwa tena mwizi, itakuwa askari.

mama_sopano
Klavie amesema vizuri, miye naongeza mwisho, ju mwisho njo wimbo yenyewe. Kichaka imekwisha kunyanganywa yote, halafu anamuambia mupenzi "sogea karibu, roho ku roho", na "mir bangt", woga inanikamata, usiku isikuibe na weye. Unaona mudogo wangu? Haogopi giza. Ameona feza imeenda, zahabu imeenda, sasa anaangalia ule mwenye kuwa pembeni yake. Kwa hiyo usilie tangu mwanzo, mwanzo unahesabu tu bintu byenye binapotea, na kila kimoja kikienda toa rangi kidogo mu sauti yako. "Dich", maana yake weye, ya ku mwisho njo ubakize nayo joto.

Na ile ch! Nacht na acht inatoka ku koo, sawa muntu wa pwani akisema kheri. Lakini dich na schleicht, ulimi inapanda mbele, pumzi inapita laini, usiseme "dish" wala "dik".

tenori_ruashi
Mi naona mwizi ni kifo, wazi kabisa. Hermann von Gilm mwenye kuandika maneno alikufa 1864, na ni mu ule mwaka Strauss alizaliwa.

mama_sopano
Tenori, kifo inaweza kuwa ndani, sikatai. Lakini Strauss aliandika hii 1885, kijana wa miaka 21, iko namba 3 mu opus 10, fungu moja ya nyimbo zake, pamoja na Zueignung na Allerseelen, zote ni maneno ya Gilm. Allerseelen inataja bantu benye kufa waziwazi. Hapa hakuna neno kifo hata moja, kuko tu muntu anaambiwa asogee. Ukiimba maziko tangu musitari ya kwanza hautabakia na kitu ku mwisho.

baritoni_katuba
Asante sana mama, na weye klavie, na tenori pia. Jana umeme ilikatika nikiwa najaribu, nikaendelea bila kuwasha bugi. Bibi yangu alikuwa amekaa ku mulangu na kitenge yake ya manjano, nikawa naiangalia: manjano ikakuwa kijivu, kisha sikuona tena kitenge, nilisikia tu anachambua matembele. Kufika ku "Rücke näher", ile sogea karibu, sauti yangu ilitetemeka yenyewe, sikuisukuma.

Klavie, partisyo, karatasi ya noti, ya sauti ya chini uko nayo? Yangu ni ya juu, ku mwisho inanibana. Yumapili kisha misa naweza kupita Kamalondo.