Jamaa wa Ngamiani kaita programu yangu VIRUSI mbele ya wateja, leo simwachi

Fundi_C_Tanga

Wakuu, mods naomba msiuhamishe uzi huu wala msiuunganishe na ule wa mafundi simu. Nina hasira mpaka chai imenipalia.

Jina silitaji. Wa Tanga wote mnamjua: miwani ya jua ndani ya nyumba, funguo za gari kidoleni na gari lenyewe hakuna aliyewahi kuliona, kila mtu kwake "dogo" hata babu yake mzaa mama.

Asubuhi nimekwenda kuonyesha kazi kwa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Programu nimeiandika kwa lugha ya C. Inachukua faili la wanachama, inalisimba, yaani inaligeuza lisisomeke bila ufunguo, kwa mbinu ya AES ya biti 256 kupitia OpenSSL, maktaba ya amri zilizokwishaandikwa, ukitaka inalisimbua lisomeke tena. Unaita amri zake tatu, EVP_EncryptInit_ex, EVP_EncryptUpdate, EVP_EncryptFinal_ex, kazi imenyooka kama reli. Mwenyekiti yupo na kofia yake ya viua, mama mweka hazina na daftari lake. Nikafungua faili lililosimbwa wajionee wenyewe kwamba halisomeki. Vidudu vitupu, vimraba, alama za kuuliza. Ndivyo inavyotakiwa!

Jamaa, ambaye hata hakualikwa, akainamia kioo, akavua miwani (akaivua wakuu, heshima ambayo hata msibani haitoi), akasema kwa sauti ya mnadani: "Dogo, hii ni virusi. Umeshaharibu data za watu."

VIRUSI.

Mama mweka hazina akafunga daftari, akalikumbatia. Mwenyekiti akauliza kama vinaweza kurukia simu yake. Mzee mmoja akasogeza kiti.

Nikasimbua faili palepale. Majina yote yakarudi, na madeni yake, likiwemo la bwana mmoja aliyekuwa amekaa mstari wa mbele akinywa soda ya kikundi. Badala ya kunipigia makofi, jamaa anasema: "Mmeona? Vimehama." Vimehama! AES vimehama!

Halafu akaleta yake. Kila herufi anaisukuma mbele hatua tatu, A inakuwa D, B inakuwa E. Anaiita "mfumo wa kijeshi". Ni kweli, jeshi la Julius Caesar! Mtoto wa darasa la nne anaifungua kabla ya kengele ya mapumziko.

Na ndiye huyuhuyu aliyesimba orodha ya wateja ya duka moja la spea, akapima urefu wa matokeo kwa strlen, amri ya C ya kupima urefu wa maandishi. Strlen inasimama ikikutana na baiti ya sifuri, na data iliyosimbwa sifuri inaweza kutokea popote. Wakati Update na Final zenyewe zinakwambia zimetoa baiti ngapi! Orodha iliporudi iliishia kwa akina Abdallah. Akasingizia umeme.

Huyo ndiye wa kuniita mimi virusi. Mbele ya mama mweka hazina. Virusi. Nawasilisha.

PwezaWaMchuzi

Nimekaa siti ya mbele. Ila kuvua miwani? Hapo mkuu umetia chumvi gunia zima.

Mkonge_Halisi

Namjua huyo! Alikuja kwangu Makorora kutengeneza printa, akaondoka nayo. Nikimpigia ananiambia "inapoa".

Binti_Chumbageni

Mleta uzi, ufunguo umeutoa wapi? Usiniambie umeandika "tanga123" ndani ya programu ukajaziajazia mpaka baiti 32.

Fundi_C_Tanga

Umetumwa wewe. Ufunguo unatoka RAND_bytes, amri ya OpenSSL ya kutoa baiti za kubahatisha. IV, yaani baiti za kuanzia kusimba, ni mpya kila faili, baiti 16, naiweka mwanzoni mwa faili. Final naikagua imerudisha 1, yaani imefaulu, au haikurudisha. Turudi kwenye VIRUSI.

Binti_Chumbageni

AES umeitumia kwa mtindo wa CBC au GCM? Kama ni CBC peke yake, mtu anachezea baiti za faili huko katikati, wewe unasimbua na kushangilia deni lililogeuzwa. GCM ina tagi, muhuri wa kukagua data, ikichezewa inakataa.

Fundi_C_Tanga

Hoja hapa dada yangu ni kwamba kaniita virusi mbele ya watu wazima.

Binti_Chumbageni

CBC hiyo. Mnaona hajajibu.

PwezaWaMchuzi

😂😂 Jamaa kaja kulia, kaishia kufanyishwa mtihani.

Mzee_wa_Zamani

Nami nina langu. Zamani setkey() na encrypt(), amri za kusimba, zilikuwa ndani ya maktaba ya C yenyewe. Unapanga biti 64, kila moja kwenye char yake, unasimba, unakwenda kunywa kahawa. Mwaka 2018 glibc 2.28, toleo la maktaba ya C ya Linux, ikaja, programu mpya haziunganishwi nazo tena. Nani alituuliza sisi?

Binti_Chumbageni

Shikamoo mzee. Hiyo ni DES, mbinu ya kizamani ya kusimba, ufunguo wa biti 56. Mwaka 1998 Wamarekani waliunda mashine ikaupata kwa saa 56. Mzee pumzika.

Mzee_wa_Zamani

Marahaba. Saa 56 ni mashine hiyo. Wa miwani mpe mwaka mzima na printa ya watu juu.

Mkonge_Halisi

Mzee usinitoneshe kidonda.

Kijana_wa_Raskazone

Mnajitesa. Chukueni libsodium, maktaba nyingine ya kusimba, mwite amri yake crypto_secretbox_easy, tagi imo humohumo. Ufunguo baiti 32, nonsi (namba ya kutumika mara moja) baiti 24, usirudie nonsi kwa ufunguo uleule, basi. OpenSSL unaita vitu vitano kusimba neno moja, ukisahau kuweka -lcrypto, ya kuiunganisha na programu, mwishoni unatukanwa na kompyuta.

Fundi_C_Tanga

Kijana, hata ningetumia libsodium angesema virusi! Wakuu hamnielewi. Yule mzee ALISOGEZA KITI.

Baiskeli_ya_Mabawa

Nyie mnagombania vidudu vya kwenye kioo, mimi baiskeli yangu imeondoka pale Kange nanunua machungwa. Kufuli mbili!

PwezaWaMchuzi

Kufuli zile za kuchezea watoto? Pole lakini.

Mkonge_Halisi

Kange tena? Shemeji yangu kaibiwa tandiko tu, baiskeli wakamwachia. Akarudi Makorora amesimama.

Fundi_C_Tanga

Jamani, uzi wangu.

Baiskeli_ya_Mabawa

Na machungwa yenyewe nimefika nyumbani makavu. Nakamua mpaka kiganja kinauma, kikombe hakijai. Wa Muheza mpo humu? Hebu jibuni, mnatuuzia nini siku hizi?

Mzee_wa_Zamani

Hayo umeuziwa ya kuning'inia juani, mwanangu. Mwenye kununua chungwa bila kulipima uzito mkononi anamlaumu nani?